Nyuzi Zilizobeba Nyimbo: Watunzi wa Kusini mwa India, Vina na Fidla

Hotuba ya darasa la muziki la hekalu, iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika juma la maadhimisho



Tumeombwa kuzungumza juu ya watunzi wakubwa wa muziki na nafasi ya ala za nyuzi katika kazi yao. Tumeipokea kazi hii kwa furaha, wala hatutaficha kwamba tuna haja yetu ndani yake. Mbele ya Kamati liko pendekezo la kuziweka kando ala za nyuzi za darasa, yaani vina, tambura na fidla, na mahali pake kununua vinanda vya umeme. Sababu zilizotolewa si za uongo. Nyuzi hukatika, na za kubadilishia hungoja msafiri atokaye India. Joto la pwani huilainisha nta ya vina hata vijiti vyake vikasogea. Mtoto akianza fidla, mwaka mzima huwasumbua majirani, na baadhi ya majirani hao wamo humu ukumbini usiku huu, nasi tunawashukuru kwa subira yao. Hata hivyo tunaomba tusikilizwe kabla ya uamuzi kufikiwa.

Wengi wetu katika hekalu hili asili yetu ni Gujarat na Kutch, na bhajani tuzijuazo tangu utotoni ni za Narsinh Mehta na za Mirabai. Huenda mtu akauliza mbona tunakwenda kusini, kwenye lugha ambazo wengi wetu hatuzisemi. Tunakwenda huko kwa sababu kusini ndiko kisa cha watunzi na nyuzi kilikohifadhiwa kwa uwazi mkubwa. Na pia kwa sababu Gujarat yenyewe imo ndani ya kisa hicho, kama itakavyoonekana mbele.

Katika mji mdogo wa Tiruvarur, karibu na Thanjavur, walizaliwa watu watatu katika muda usiozidi miaka kumi na mitano: Syama Sastri mwaka 1762, Tyagaraja mwaka 1767, na Muthuswami Dikshitar mwaka 1775. Watu wa muziki wa Karnatiki, ambao ndio muziki wa juu wa kusini mwa India, huwaita Utatu. Kwa wale waliosoma habari za Ulaya, hiyo ndiyo zama ya Mozart na Beethoven. Syama Sastri na Beethoven walifariki mwaka mmoja, 1827. Lakini iko tofauti ambayo hotuba yetu yote inaitegemea. Beethoven aliandika noti zake juu ya karatasi, na mpigaji aliye mbali naye aliweza kuzifungua na kuzipiga. Watunzi wetu watatu waliimba, na wanafunzi wakashika. Wimbo ulikaa kooni na vidoleni mwa mtu, na mtu huyo akifa bila kuwa na mwanafunzi, wimbo nao ulikufa.

Syama Sastri alikuwa kuhani wa mungu wa kike Kamakshi katika hekalu la Thanjavur, na nyimbo zake nyingi ni maombi ya mtoto kwa mama yake. Hakutunga nyingi kama wenzake, ila mwenye kujua mahesabu ya tala, yaani mizunguko ya mapigo, humwogopa hadi leo.

Tyagaraja aliishi Tiruvaiyaru, kando ya mto Kaveri, akatunga kwa Kitelugu mamia ya nyimbo, nyingi zikimsifu Rama. Husimuliwa kwamba mfalme wa Thanjavur alimwita akaimbe katika jumba lake kwa malipo makubwa, naye akakataa, akaendelea kuishi kwa sadaka alizopewa akipita na kuimba. Babu yake mzaa mama anatajwa kuwa mpiga vina, na katika wimbo wake Mokshamu Galada anamtaja Shiva mwenyewe kuwa ni mwenye kuipenda vina. Alifariki mwaka 1847. Kila mwaka, katika siku ya kumbukumbu yake, wanamuziki hukusanyika Tiruvaiyaru na kuimba kwa pamoja nyimbo zake tano ziitwazo Vito Vitano. Wasichana wetu wa darasani wanapaswa kujua kwamba wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika mikusanyiko hiyo mwanzoni, na kwamba aliyelijenga kaburi lile liwe mahali pa ibada ni mwanamke, Bangalore Nagarathnamma, ambaye alitumia mali yake mwenyewe na hakukubali kunyamazishwa.

Wa tatu, Muthuswami Dikshitar, ndiye tutakayekaa naye zaidi, kwa kuwa alikuwa mpiga vina. Katika ujana wake alimfuata mwalimu mmoja wa yoga hadi Varanasi, akakaa kaskazini kwa miaka kadhaa, akausikia muziki wa huko uendao polepole kama mto mpana. Husimuliwa kwamba vina yake aliipata katika maji ya Ganga. Anayetaka amini, na asiyetaka asikilize tu wimbo wake wa Jambupate, katika raga ya Yamuna Kalyani, atauona mto huo ukipita. Alitunga kwa Kisanskriti, na takribani kila mstari wake una alama ya vidole vyake juu ya uzi.

Tueleze maana ya kauli hiyo, hasa kwa majirani zetu ambao hawajapata kuishika vina. Ni ala kubwa, huchongwa kwa mti wa mfenesi, na mpigaji hukaa chini, ala ikilala mbele yake. Ina nyuzi saba: nne za kupigia lahani, na tatu za pembeni za kushikilia sauti ya msingi na mapigo. Juu ya shingo yake viko vijiti 24 vya madini, vilivyosimamishwa ndani ya nta nyeusi. Kidole kikibana uzi juu ya kijiti, noti hutoka. Kama ingeishia hapo, vina isingetofautiana sana na kinanda. Lakini mpigaji huuvuta ule uzi kando, ukiwa umekazwa juu ya kijiti kile kile, na noti ikapanda, ikatetemeka, ikarudi, ikazunguka jirani yake kabla ya kutua. Mwendo huo wa noti huitwa gamaka. Si pambo lililoongezwa baadaye juu ya wimbo. Ziko raga mbili zenye noti zile zile kabisa zikiandikwa, na sikio huzitofautisha kwa namna noti zinavyoendewa na zinavyoachwa.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili atatuelewa upesi. Shairi lililochapwa kitabuni lina vina na mizani (neno lenyewe limefanana na ala yetu kwa bahati tu), lakini mahadhi yake hayamo katika herufi. Ni lazima awepo mtu aliyeyasikia kwa aliyetangulia. Gamaka ndiyo mahadhi yetu, na uzi ndio unaoyahifadhi.

Na tambura je? Watoto wengi huidharau, kwa kuwa haipigi wimbo wowote. Nyuzi zake nne hukwanyuliwa moja baada ya nyingine, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, na uzi mwembamba wa pamba ukiwekwa chini ya kila uzi mahali panapostahili, sauti huanza kuvuma kama nyuki. Ndani ya uvumi huo mwimbaji husikia noti nyingine nyingi ambazo hakuna aliyezipiga, na kwa hizo hupima sauti yake. Siku hizi kiko kisanduku cha umeme kifanyacho kazi hiyo, nasi tunacho, na tunakitumia tukisafiri. Tatizo lake ni kwamba hakimdai mtoto kitu. Tambura humlazimisha kukaza na kulegeza nyuzi hadi sikio lake likubali, na mtoto aliyeifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja hahitaji tena kuambiwa kwamba anaimba nje ya sauti.

Sasa fidla. Majirani wengi hutuuliza kama ni ala ya Kihindi, na jibu ni kwamba ilikuja kama mgeni. Muthuswami Dikshitar alikuwa na mdogo wake, Baluswami. Familia yao iliishi kwa muda Manali, karibu na Madras, chini ya ufadhili wa tajiri mmoja wa huko aliyekuwa na shughuli na Kampuni ya Waingereza. Katika ngome ya Madras kulikuwa na bendi ya Wazungu. Baluswami aliisikia fidla, akavutiwa, akapatiwa mwalimu kutoka miongoni mwa wanamuziki hao, akajifunza. Hakuishia kupiga nyimbo za Kizungu. Aliuliza kama ala hii ingeweza kuimba raga.

Iliweza, na sababu yake inaonekana mtu akiitazama. Shingo ya fidla haina vijiti, kwa hiyo kidole huteleza juu ya uzi kwenda po pote sauti ya mwanadamu iendako. Upinde wake huishikilia noti kwa muda mrefu, jambo ambalo vina haiwezi, kwa maana uzi uliokwanyuliwa hufifia. Mambo mawili tu yalibadilishwa. Nyuzi zake, ambazo Ulaya hulinganishwa kila moja juu ya mwenzake kwa hatua tano, zilipangwa upya zifuate sauti ya msingi na ya tano yake, kisha hizo mbili tena juu. Na mpigaji aliketi chini, akakunja miguu, akaliegemeza tumbo la fidla kifuani na kichwa chake juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Kwa mkao huo mkono wa kushoto haubebi tena uzito wa ala. Uko huru kuteleza. Umbo la fidla yenyewe halikuguswa. Mtu akiichukua fidla ya Chennai na ya Vienna akaziweka mezani pamoja, hataweza kusema ipi ni ya wapi.

Kaka mtu naye hakuzikataa sauti za bendi ile. Alichukua lahani kadhaa za Kizungu, karibu 40, akazitilia maneno ya Kisanskriti ya kuwasifu miungu, na mojawapo ni lahani ya wimbo wa mfalme wa Waingereza. Watu wengine huona haya kulitaja hilo. Sisi twaona ni ushahidi wa moyo mkunjufu: alisikia kitu cha mgeni, akaona kinafaa kufundishia watoto, akakileta mbele ya madhabahu. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Vadivelu, aliyekuwa fundi wa fidla, na mfalme Swati Tirunal wa Travancore, ambaye pia alikuwa mtunzi, alimzawadia fidla ya pembe za ndovu mwaka 1834. Kwa hiyo ndani ya muda wa maisha ya mtu mmoja, ala ya ngomeni ilikuwa imefika barazani pa mfalme. Leo ni nadra kumkuta mwimbaji wa Karnatiki asiye na mpiga fidla ubavuni pake, akimfuata neno kwa neno, na akinyamaza, fidla ikajibu.

Muthuswami Dikshitar alifariki mwaka 1835 huko Ettayapuram, siku ya Deepavali. Hakuacha kitabu cha noti. Aliyekuwa Ettayapuram, katika utumishi wa mtawala wa pale, ni ndugu yake Baluswami, mpiga fidla. Na Subbarama Dikshitar, mjukuu wa Baluswami aliyelelewa naye kama mwana, ndiye aliyerithi nyimbo. Mwaka 1904 Subbarama alichapisha kwa Kitelugu kitabu kikubwa chenye juzuu mbili, Sangita Sampradaya Pradarsini, na ndani yake zimo nyimbo zaidi ya mia mbili za Muthuswami, kila moja ikiwa na alama zilizobuniwa kuonyesha gamaka. Na anapozieleza alama hizo, huzieleza kwa vina: uzi uvutwe hivi, kidole kitelezwe vile. Asiyeijua vina hukisoma kitabu hicho kama mtu anayesoma maelezo ya kupika bila kupata kuonja chakula chenyewe.

Hatupendi kulipita jina la mtu aliyemsukuma Subbarama kuiandika kazi hiyo. Aliitwa A. M. Chinnaswami Mudaliar, naye alikuwa Mkristo wa Madras. Aliona kwamba nyimbo zinapotea, akaanza kuziandika kwa noti za Kizungu na kuzichapisha, akatumia mali yake humo, na macho yake yakaharibika. Alipoona nguvu zinamwishia, alimsihi mzee Subbarama na mtawala wa Ettayapuram wasiruhusu elimu ile iende kaburini. Nyimbo za kuwasifu Shiva na Devi zimetufikia, kwa sehemu isiyo ndogo, kwa jitihada za jirani asiyeabudu pamoja nasi. Tunalisema hili kwa furaha mbele ya majirani zetu wa usiku huu.

Nyimbo za Tyagaraja nazo zilipita njia yake. Mmoja wa wanafunzi wake wakubwa alikuwa Venkataramana Bhagavatar wa Walajapet. Yeye na mwanawe waliandika nyimbo za mwalimu, na hati hizo zilitunzwa Madurai na jumuiya yao, ambayo huitwa Saurashtra. Ndiyo, ndugu zetu, ni Saurashtra hiyo hiyo mnayoijua. Ni watu ambao asili yao ni Gujarat, walioshuka kusini zamani sana, wakadumu na lugha yao katikati ya Watamil. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba muziki wa kusini hautuhusu sisi tuliotoka Gujarat, tutamwomba aulize ni akina nani waliozihifadhi zile karatasi.

Na pwani yetu haikuwa nje ya safari hizi. Fidla iliyofika Madras kwa meli za Waingereza ilifika Unguja kwa njia nyingine, pamoja na udi na kanuni, kutoka muziki wa Misri uliopendwa katika kasri za masultani. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na hadi leo anayesikiliza taarabu ya Unguja husikia fidla zikimfuata mwimbaji, zikiteleza pale anapoteleza. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, nao waliimba Kiswahili humo. Baadaye waimbaji wa Mombasa walizichukua lahani za filamu za Kihindi wakazitilia mashairi yao, jambo ambalo Dikshitar asingelishangaa hata kidogo. Mzee wa taarabu akiingia darasani petu akawasikia watoto, hatahitaji mkalimani. Ataangalia tu mkao wao sakafuni na kutabasamu.

Turudi kwenye vinanda. Hamoniamu, ile ya kuvuta hewa kwa mkono, imezibeba bhajani za hekalu hili kwa miaka mingi, na hatuna nia ya kuikosea adabu. Lakini kila kitufe chake hutoa noti moja iliyokwisha kupangwa kiwandani, na kati ya kitufe na kitufe hakuna njia. Redio ya Taifa ya India ililiona jambo hili zito kiasi cha kuipiga marufuku hamoniamu katika matangazo yake kuanzia mwaka 1940, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi 1971. Kwa maoni yetu walizidisha; ala haikosi kwa kuwa na mpaka wake. Hata hivyo hoja yao ilikuwa na mantiki. Sikio lililolelewa na vitufe peke yake hukua likidhani kwamba katikati ya noti hakuna kitu, ilhali katika muziki huu, kilicho katikati ndicho kilichotungwa. Vinanda vya umeme viko hali moja na hamoniamu. Vile vyenye gurudumu dogo la kupinda sauti huigiza gamaka kama kasuku anavyoigiza maneno.

Ombi letu kwa Kamati ni hili. Kinanda kinunuliwe kwa ajili ya bhajani za Jumamosi, ambako kitafaa. Ala za nyuzi zibaki mikononi mwa darasa. Vina ihamishiwe chumba cha juu upande wa mashariki, kusikopigwa na jua la alasiri, na nta yake isukwe upya wakati wa baridi. Wazazi wenye safari ya Chennai watuarifu mapema ili tuwape orodha ya nyuzi, maana bei yake si kubwa. Kinachotushinda ni kuzifikisha huku. Aidha, tunaye kwa sasa mwalimu mmoja tu ajuaye kuiweka vina katika sauti yake, naye ni mtu mzima sana. Vijana wawili wamekubali kukaa naye na kujifunza kazi hiyo. Wakinyang'anywa ala kabla ya kuijua, hata tukiinunua nyingine miaka ijayo, hatutakuwa na wa kuiamsha.

Sasa tunawaomba watoto waje mbele. Watapiga kwa fidla nne Shakti Sahita Ganapatim, mojawapo ya zile lahani za bendi alizozitilia maneno Dikshitar, na tambura itatangulia peke yake kwa dakika moja ili masikio yetu yatulie. Baada yao, wanakamati wenye maswali juu ya gharama watatukuta pale mlangoni penye viatu.